Lami Ilipoidai Alaimenti Mpanda

Mji wa Mpanda ulifikiwa na reli kabla ya lami. Tawi la kutoka Kaliua lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na magurudumu ya garimoshi huongozwa na reli yenyewe, yenye upana wa milimita 1,000. Gari halina mlezi wa namna hiyo. Unyoofu wake hutegemea tairodi, bushi na jicho la fundi. Kuupima na kuurekebisha unyoofu huo wa magurudumu ndiyo alaimenti, nami nadai kuwa hapa ni mtoto wa lami.

Mbishi atasema mashimo ndiyo yanayopinda tairodi, hivyo barabara ya vumbi iliihitaji alaimenti zaidi. Kweli, vumbi huharibu, lakini halishitaki: dereva anayepigana na usukani kutwa hajui kosa ni la njia au la gari. Kwenye lami ya kwenda Sumbawanga au Tabora, gari linalovuta kushoto hujulikana mara moja, na matairi yaliyoelekeana mno kwa ndani huliwa kingo za nje. Kamba iliyovutwa ubavuni mwa magurudumu, kipimo cha gereji za mtaani, ilitosha enzi za vumbi. Na fundi wa kamba mwenye mkono mtulivu bado huikaribia kwa usahihi mashine ya alaimenti kuliko wenye mashine wanavyopenda kukiri.