Jani la mahindi lililokaushwa huwaambia nini wataalamu?

Mkulima wa Kahama akiona mahindi yake yana vipele vya rangi ya kutu, angependa kujua: huu ugonjwa ni mgeni, au tumekuwa nao siku zote? Wazee watakumbuka kiasi. Jani lililokaushwa zamani hukumbuka zaidi.

Mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti hutunzwa mahali panapoitwa hebaria. Ya taifa iko Arusha. Kila mmea una lebo inayotaja mahali, tarehe na mtu aliyeuchuma. Mara nyingi mchumaji hakuwa akitafuta ugonjwa. Miaka ya 1930, B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea kwenye utafiti wa mbung'o hapa Shinyanga, alikusanya mimea mingi hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Majani ya aina hiyo yakiwa na kuvu (fangasi, kama wengi tunavyosema), bado huonekana kwa hadubini.

Faida yake ilionekana kwenye mahindi. Mwaka 1941 mtaalamu wa Marekani, Cummins, alitambua kwenye mahindi kutu iliyokuwa imepewa jina kabla ya hapo kutokana na jani la nyasi lililochumwa Alabama mwaka 1891. Mwaka 1949 kutu hiyohiyo ilizuka Sierra Leone, na kufikia 1952 ilikuwa Afrika Mashariki. Kutu ya kawaida ya mahindi tulikuwa nayo tayari, na kwa macho zinafanana. Kwa kuwa ilishajulikana kuwa ni ya Amerika, watafiti wa Muguga, Kenya, walitafuta kinga kwenye mahindi ya hukohuko Amerika, wakaipata.

Ukiona ugonjwa usioujua, chuma majani mawili matatu yenye dalili. Yalaze katikati ya magazeti, weka kitu kizito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka yakauke. Usitumie mfuko wa plastiki, yataoza. Andika kwa penseli, maana wino huyeyuka: zao, aina ya mbegu, kijiji, kata, tarehe. Lebo hiyo tunaisisitiza kuliko yote. Kisha mpelekee afisa ugani wa kata.

Pamba inayonyauka ni tofauti kidogo. Mnyauko fuzari hukaa ndani ya shina, kwa hiyo chukua kipande cha shina. Ukilipasua utaona rangi ya kahawia. Kifunge vizuri kwenye karatasi, usikipitishe kwenye mashamba ya wenzako, na mbegu za shamba hilo usizipande wala kumgawia mtu.