George & Tammy: Talaka haikuzima wimbo

GEORGE & TAMMY ni tamthilia ya runinga ya Marekani yenye sehemu sita, iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Showtime mnamo Desemba 4, 2022. Inasimulia ndoa ya George Jones na Tammy Wynette, waimbaji mashuhuri wa muziki wa country.

Wawili hao walioana 1969 na kutalikiana 1975, baada ya ulevi wa Jones kuivuruga nyumba yao. Hata hivyo, waliendelea kurekodi pamoja, na mwaka wa 1976 wimbo wao Golden Ring ukashika nafasi ya kwanza.

Ajabu ni kwamba Wynette, aliyevuma 1968 kwa Stand By Your Man, wimbo unaomhimiza mke asimwache mumewe, aliolewa mara tano. Pia alitawaliwa na dawa za kutuliza maumivu.

Abe Sylvia aliitunga tamthilia hiyo kutokana na kitabu cha Georgette Jones, mtoto pekee wa wawili hao. Jessica Chastain na Michael Shannon waliigiza na kuimba wenyewe.

Wynette alifariki 1998 akiwa na umri wa miaka 55. Jones akafuata 2013, akiwa na miaka 81.