Maktaba zinavyoweza kuwakutanisha wazee na vijana

MTU aingiaye katika maktaba ya umma humu nchini, hasa mitihani ya kitaifa inapokaribia, huwakuta wanafunzi wamejaa mezani, kila mmoja ameinamia kitabu chake cha kiada. Wazee ni nadra kuonekana. Wengi wao huichukulia maktaba kuwa chumba cha kudurusia, mahali ambapo aliyemaliza shule miaka 40 iliyopita, au ambaye hakusoma kamwe, hana haja napo.

Dhana hiyo haina msingi. Azimio la UNESCO na IFLA kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mwaka wa 1994 na kufanyiwa marekebisho 2022, linasisitiza kuwa huduma hizo ni za watu wote bila kujali umri. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kujiendeleza. Kwa mujibu wa Katiba hiyo, mzee ni mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, na sensa ya 2019 ilionyesha kuwa watu wa rika hilo walikuwa takriban milioni 2.7. Maktaba, kwa upande wake, zimeorodheshwa miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti.

Fikra ya kuwatengea wazee nafasi maktabani si ngeni. Maktaba ya umma ya Cleveland, nchini Marekani, ilianzisha mwaka wa 1946 chama cha wasomaji waliofikisha umri wa miaka 60. Mfano huo uliigwa kwingineko, na hapana shaka kuwa uliwapunguzia wengi upweke. Hata hivyo, chama cha wazee watupu huwaacha wazee wakizungumza na wazee. Ili vizazi viwili vikutane na kuendelea kukutana, sharti kila upande uwe na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Nchini Kenya, hitaji la wazee liko wazi: simu. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, na huduma nyingi za serikali kuhamia mtandaoni baadaye, mkongwe asiyeifahamu simu yake hulazimika kumpa mjukuu au jirani namba yake ya siri. Matokeo yake mara nyingine ni kupoteza pesa pasipo yeye kujua zilikokwenda. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri kujiunga na chuo anaweza kumwondolea mzee utegemezi huo, mradi afuate taratibu chache. Mzee afundishwe kwa simu yake mwenyewe, wala si kwa kompyuta ya maktaba. Maandishi yakuzwe. Kijana asimpokonye simu ili amalize upesi, na namba ya siri isitajwe kwa sauti wala kuandikwa popote.

Wanachokihitaji vijana huonekana polepole zaidi, nacho ni kumbukumbu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ni mfano bora. Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia hadi miaka michache kabla ya uhuru wa 1963. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 siku hizo, akapita nje ya nguzo zake akijua haruhusiwi kuingia, sasa anakaribia au amepita miaka 80. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limekuwa likikarabati maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Kuta zinaweza kusubiri fedha zipatikane. Wenye kumbukumbu hizo hawana muda huo.

Kazi ya kukusanya masimulizi haihitaji mitambo ya bei ghali. Simu yenye kinasa sauti inatosha. La muhimu ni mzee kuridhia kwanza, kisha kuandikwa jina lake, mahali na tarehe, na kumwacha azungumze lugha aliyoizoea, tafsiri ije baadaye. Picha za zamani hufaa kuliko orodha ya maswali: mzee akionyeshwa picha ya mtaa aliokulia, hutaja majina ya watu na maduka ambayo hakuna kitabu kinachoyajua. Nchini Denmark, mradi wa "maktaba ya watu" ulioanza mwaka wa 2000 ulikwenda mbali zaidi, msomaji akawa anaazima mtu wa kuzungumza naye badala ya kitabu.

Vikwazo vingine ni vya kawaida mno hata husahauliwa: ngazi zisizo na pa kushikilia, viti bila egemeo, taa hafifu, choo kilicho mbali. Saa nazo ni tatizo. Wazee hupendelea asubuhi, wanafunzi huwa huru jioni. Siku inayowafaa wote ni Jumamosi (Wasabato watatafutiwa nyingine) au likizo. Kwa asiyeweza kutembea, maktaba imfuate, kama ilivyofanya maktaba ya ngamia iliyoanzishwa Garissa mwaka wa 1996.

Kutojua kusoma nako si hoja ya kumfungia mzee nje. Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84, akaketi pamoja na watoto wadogo. Asiyetaka kwenda mbali kiasi hicho anaweza kusomewa. Mtoto wa darasa la tano husoma gazeti kwa sauti, naye nyanya aliye kando yake husikiliza, humsahihisha anapokosea kutamka jina la mto au la ukoo, kisha humweleza jina hilo lilitoka wapi.