Mgeni Njoo, Mwenyeji Apate Paswedi

Januari ni mwezi mbaya wa kwenda Katavi kama unataka kuona wanyama. Mvua inakuwa imejaza mbuga za Katisunga na Chada, udongo mweusi unanasa magari, na viboko, ambao kiangazi hubanana kwa mamia kwenye tope la mto Katuma, wanakuwa wametawanyika. Mimi sikwenda kuona wanyama. Nilikuwa natoka Mpanda kwenda Sumbawanga kikazi, gari likaharibika, nikalala Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa hifadhi.

Kwenye nyumba ya wageni, juu ya kaunta, palibandikwa karatasi: WAIFAI BURE KWA WAGENI TU. Wageni usiku ule tulikuwa wawili, mimi na dereva mmoja wa lori. Nje ya ukuta walikaa vijana wanne juu ya bodaboda zao, kila mmoja na simu mkononi. Nilipotoka kupunga upepo mmoja akanisogelea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Samahani, wewe si mgeni humo ndani? Tusaidie paswedi. Tuna jambo moja tu, tukimaliza tunaondoka."

Jambo lenyewe nitalisema. Kwanza nina ugomvi na lile neno la kwenye karatasi, "wageni".

Mtindo huu wa kumpa mgeni intaneti ya bure ulishika kasi kwenye mahoteli na viwanja vya ndege, kisha ukaingia kwenye viwanja vikubwa vya burudani. Kule Florida, Walt Disney World ilianza kusambaza waifai ya bure kwenye viwanja vyake mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikaleta bangili za kielektroniki za kufungulia mlango wa chumba na kulipia chakula. Usidhani ilikuwa huruma. Mgeni aliyeunganishwa anaona foleni ipi ni fupi, anaagiza soda bila kusimama, na mwenye kiwanja anajua amepita wapi na amenunua nini. Kiingilio keshalipa getini, sasa analipa mara ya pili kwa nyayo zake.

Sisi huku hatuna viwanja vya namna hiyo. Tuna hifadhi, na mtalii ni yuleyule. Agosti 2022, miezi michache baada ya filamu ya The Royal Tour, Waziri wa Habari wa wakati ule, Nape Nnauye, alizindua pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, intaneti ya kasi ya TTCL kwenye Mlima Kilimanjaro. Kabla mwaka haujaisha ikafika Uhuru, mita 5,895. Watu waliicheka, eti mtu apige selfi kileleni aitume kabla hajashuka. Mimi sikucheka. Mlimani watu huugua kwa kukosa hewa, na mpagazi naye ana simu na ana mtoto nyumbani. Kilichonikera ni kingine: nilipoisoma habari ile nilikuwa Mpanda mjini, na ilichukua muda wa kuchemsha chai kufunguka.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza nyaya za Katavi zimekuja lini na zilikuja kwa ajili ya nani.

Waya wa zamani kuliko yote niliousoma haukuwa na habari na sisi kabisa. Cecil Rhodes alitaka waya wa telegrafu kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kumwomba Kaisari Wilhelm wa Pili ruhusa ya kuupitisha kwenye koloni la Wajerumani, akakubaliwa. Ukatoka kusini, ukapanda upande huu wa Ziwa Tanganyika, ukafika Ujiji. Rhodes akafa mwaka 1902 na safari ya Cairo ikaishia hapo. Hebu fikiria: nchi ya Wafipa na Wabende inakatizwa na maneno ya watu wa Cape, na hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu chini ya nguzo mwenye la kusema.

Kisha ikaja reli. Babu yangu mzaa mama alikuja Mpanda kutokea Tabora kwa sababu ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals, huko karibu na mji. Mgodi ndio ulioleta njia ya reli kutoka Kaliua, kama kilomita 210 za msitu wa miombo, iliyofunguliwa mwaka 1950. Ililetwa kubeba madini kwenda nje. Lakini reli ina tabia moja ambayo waya wa Rhodes haukuwa nayo, inasimama. Ikisimama watu wanapanda. Karibu na wakati wa Uhuru mgodi ukafungwa, na treni ikaendelea kuja, bila risasi, ikiwa na mahindi, karanga, asali, magunia ya mchele, na barua. Bibi alisema siku ya treni ndiyo ilikuwa siku ya habari. Ukitaka kujua kama ndugu wa Tabora kafa au kaoa, nenda stesheni. Hakuna aliyeuliza abiria ni mgeni au mwenyeji. Nikiandika hivi najua naipamba kidogo, maana treni ile ilichelewa na kukwama masika mara nyingi tu.

Hifadhi ikaja na mstari wake. Jina la Katavi linatokana na Katabi, mzimu wa mwindaji anayesemekana kukaa kwenye mkwaju karibu na ziwa, na watu waliacha sadaka pale wakiomba mvua au mtoto. Ujumbe ulitumwa bila bando, na majibu, wanasema, yalifika. Mwaka 1974 eneo likatangazwa Hifadhi ya Taifa, na miaka ya 1990 likapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471. Kuanzia hapo anayetoka mbali na tiketi ni mgeni na anakaribishwa, na aliyezaliwa jirani na mkwaju akiingia bila kibali ni mvamizi. Sisemi hifadhi isiwepo. Bila mstari ule viboko wa Katuma tungekuwa tunawasoma vitabuni. Nasema tu kwamba mstari ulibadilisha maana ya neno, na neno lile ndilo lililobandikwa juu ya kaunta.

Simu zilipofika zilifuata hesabu. Mnara hujengwa penye watu wa kununua vocha, na Katavi ina msitu mwingi na watu wachache. Umeme wa Mpanda kwa miaka mingi ulikuwa wa jenereta za dizeli, na mnara nao unahitaji kula. Kambi za watalii huko ndani, zinazopokea wageni kwa ndege ndogo, zilitegemea redio kolu na baadaye setilaiti. Serikali ikaweka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 ili kusukuma minara kule ambako hesabu inakataa. Mkongo wa Taifa nao ukasambazwa kuanzia mwaka 2009. Kwa hiyo leo Sitalike mtandao upo. Tatizo limehama kutoka kwenye mnara likaingia mfukoni. Mnakumbuka Aprili 2021, mabando yalipopanda bei ghafla, kelele iliyopigwa mpaka serikali ikasitisha? Huku bodaboda wanaikumbuka kuliko sisi waandishi wenye vocha za ofisi.

Kwa hiyo wale vijana hawakukosa mtandao. Walikosa bando, usiku ambao ukuta mmoja mbele yao ulikuwa unamwaga intaneti kwa mtu mmoja na dereva aliyelala.

Jambo lao lilikuwa matokeo ya kidato cha nne. Yalikuwa yametoka mchana ule. Kijana ana mdogo wake wa kike, mama yao anauza dagaa, na binti mwenyewe alikuwa amejifungia ndani hataki kuambiwa. Nilirudi kaunta. Dada wa mapokezi akaniangalia, akaangalia dirishani, akasema, "Wewe si umelipia chumba? Ukimpa ndugu yako mimi sijui."

Nikawapa. Ukurasa ulizunguka, ukagoma, ukazunguka tena, maana nchi nzima ilikuwa juu yake. Wanne waliinama juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka, wakishuka na namba za mtihani taratibu, kidole kikitetemeka. Kisha kijana akasema kwa sauti ndogo, "Divisheni tuu." Akarudia kusoma namba, kuhakikisha.

Nikamwambia ampigie mama yake kwa simu yangu. Alishapiga teke pikipiki. "Hapana kaka, hii naenda kumwambia mwenyewe," akasema, na taa yake ikapotea kwenye tope la barabara ya Kibaoni.