Mbona yule kijana alinikimbia?

Umewahi kupigwa eksirei? Basi unakumbuka: vua shati, bana kifua hapa, vuta pumzi, usipumue. Kisha aliyekupanga anatoka na kukuacha peke yako na mashine.

Bibi yangu, Mwiraqw wa pembezoni mwa mji wa Babati, alipigwa picha ya kifua hivyo hivyo katika hospitali moja (jina nalihifadhi). Tulipofika nyumbani hakuuliza majibu. Aliuliza: "Mbona yule kijana alinikimbia? Nina ugonjwa gani?" Wiki nzima akatenga sahani yake, eti asituambukize.

Swali lake lina historia. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Würzburg, Ujerumani, mnamo 8 Novemba 1895. Tarehe 22 Desemba alipiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, ambaye ilimbidi autulize kwa takriban dakika 15. Inasimuliwa kwamba alipoiona mifupa yake, na pete kidoleni, alihisi ameona kifo chake. Yaani hofu ilikuwepo tangu mwanzo, na hapo mpigaji alikuwa mumewe!

Miaka ile wapigaji hawakukimbia. Wengi waliijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliungua hadi akakatwa mikono yote miwili, akafa mwaka 1904. Taratibu zikaja aproni za risasi, kuta nene na kidirisha cha kioo kizito. Tanzania ilitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983. Ile ya 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomu.

Picha moja ya kifua humpa mgonjwa mionzi kidogo sana, sawa na ile ya asili tunayoipata kwa siku chache. Lakini mpigaji hupiga picha nyingi kila siku, miaka nenda rudi. Akibaki chumbani, zote zinajumlishana mwilini mwake. Ndiyo maana anatoka.

Kumweleza bibi hilo kungechukua nusu dakika. Hata mimi, niliyesoma fizikia na niliyekuwa nimekaa kwenye benchi nje, sikumweleza.

Miezi kadhaa baadaye tulimrudisha. Zamu ile alikuwepo dada mmoja aliyempa shikamoo, akaendelea kwa Kiiraqw, akamfunika kanga mabegani na kumwonyesha kidirisha: atasimama pale, atakuwa anamwona. Bibi alitoka akilalamikia kitu kimoja tu, kwamba ule ubao ulikuwa wa baridi.