Mario, mchimbaji mwenye roho tatu

Wadau, Septemba 13, 1985 kampuni ya Nintendo ilitoa Super Mario Bros. kule Japani. Wiki chache baadaye, Novemba 5, Mwalimu Nyerere akamkabidhi nchi Mzee Mwinyi. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Sasa huyu jamaa wa sharubu na kofia alifikaje Kahama na Geita?

Aliingia kwa mlango wa biashara. Enzi za Mzee Ruksa bidhaa za nje zilimiminika. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, na watu wakaanza kununua TV. Nyuma yake zikaja mashine za gemu za kaseti. Nyingi hazikuwa za Nintendo hata kidogo. Zilikuwa nakala, zilizotengenezwa Asia, za mashine yake ya Famicom ya mwaka 1983. Kaseti imeandikwa ina gemu 9999, ukizihesabu ni chache tu zinazojirudia! Lakini Mario alikuwa hakosi.

Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji, 2001 ukafuata Bulyanhulu. Vijana kutoka kila kona wakaja kutafuta maisha, na penye vijana na TV hapakosi kibanda cha gemu.

Kwa nini Mario na si gemu nyingine? Kwanza, hahitaji lugha. Shigeru Miyamoto na wenzake walipanga hatua ya kwanza ikufundishe yenyewe. Adui wa kwanza anakuja taratibu, usiporuka unakufa, na ukirudi umeshaelewa. Msukuma, Muha na Mzinza wote wanaanzia sawa, awe amesoma au hajasoma.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka tufike, lile gemu lina haki. Hatua ya pili tu Mario anashuka chini ya ardhi, anavunja matofali kwa ngumi na kuokota sarafu. Tofauti yake na duara la kweli ni kwamba sarafu uliyoiona jana, leo utaikuta palepale. Ukifa, kosa ni lako na unalijua. Ukifikisha sarafu 100 unaongezewa roho.

Mchimbaji mdogo hana ahadi hiyo. Anaweza kuchimba miezi na kuambulia mawe matupu, huku jirani yake akipiga bingo kwa wiki moja, ndiyo maana wengine wanakimbilia kwa waganga. Roho yenyewe anayo moja. Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, duara liliporomoka, na wachimbaji watano wakaja kuopolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Siku 41, jamani!

Leo simu zimejaa gemu zenye picha kali kuliko ile ya kilobaiti 40. Hata hivyo, duniani bado kuna watu wanaoshindana kuimaliza kwa chini ya dakika 5, kwa sababu haijabadilika tangu 1985. Wengi wanasema inapendwa kwa kuwa inatukumbusha utoto. Mimi nasema, kwa huku kwetu, ilikuwa machimbo pekee ambayo ukijituma unajua kabisa utalipwa.