Dirisha la ndege

Dirisha la ndege ya abiria ni tundu lililokatwa ubavuni mwa ndege na kuzibwa kwa tabaka za akriliki, aina ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kwa mhandisi ni usumbufu mtupu. Kila tundu hudhoofisha bodi, na fremu ya kuliimarisha huongeza uzito ambao shirika litaulipia kwa mafuta maisha yote ya ndege. Ndege zilizoundwa kubeba mizigo tu hazina safu hiyo ya madirisha, wala hakuna anayelalamika. Madirisha yapo kwa sababu watu hawapendi kufungiwa.

Ugumu wake unatokana na hewa. Jeti huruka mita 10,000 hadi 12,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na hewa ni nyembamba kiasi kwamba mtu huzirai upesi. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani hadi ifanane na ya mahali penye mwinuko usiozidi mita 2,400, ambao ndio mwinuko wa Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya. Katika Boeing 787 Dreamliner, ambayo Kenya Airways iliipokea mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, hewa ya ndani ni ya mita 1,800 hivi, karibu sawa na Nairobi. Huko juu, dirisha la sentimita 25 kwa 35 husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400 au zaidi. Ndege ikitua, nguvu hiyo hutoweka. Ikiruka tena, hurudi. Bodi nzima hutanuka na kusinyaa hivyo kila safari.

Madhara ya mchezo huo yalijulikana kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Uingereza aina ya de Havilland Comet, yenye usajili G-ALYP, ilianzisha safari za kwanza za jeti za abiria duniani, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua njiani Entebbe miongoni mwa vituo vingine. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwemo wakafa. Comet zilisimamishwa, zikakaguliwa, zikarudishwa kazini. Tarehe 8 Aprili nyingine ikaanguka baharini kusini mwa Naples, ikaua watu 21.

Wachunguzi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, wakiongozwa na Arnold Hall, walichukua Comet nzima, G-ALYU, wakaizamisha bodi yake katika tangi la maji, mabawa yakiwa yamejitokeza nje ya tangi. Maji yalisukumwa ndani ya bodi na kupunguzwa, tena na tena, kuigiza safari moja baada ya nyingine. Walichagua maji kwa kuwa hayashindiliki: bodi ikipasuka, maji hayalipuki kama hewa, na ufa hubaki palepale ulipoanzia. Ilipasuka Juni 1954, baada ya jumla ya safari 3,057, za kweli na za kuigiza, na ufa ulianzia kwenye pembe ya tundu. Metali ilikuwa imechoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi maarufu kwamba Comet iliangushwa na madirisha ya mraba. Ni kweli nusu. Madirisha yake yalikaribia umbo la mraba, lakini pembe zake zilikuwa zimeviringwa. Na katika mabaki ya G-ALYP yaliyoopolewa, mpasuko ulianzia kwenye tundu la paani lililofunika antena, si kwenye dirisha la abiria. Kosa zito zaidi lilikuwa la majaribio. Kipande cha bodi ambacho kiwanda kilikipima uchovu kilikuwa kimeshindiliwa kwanza kupita kiasi ili kuthibitisha nguvu zake. Mshindilio huo ulilegeza mkazo kwenye pembe, kikadumu muda mrefu kuliko ndege zilizouzwa.

Kanuni yenyewe haina utata. Nguvu zinazopita kwenye bati huzunguka tundu, na pembe kali huzikusanya mahali pamoja. Ukingo wa mviringo huzisambaza. Comet 4, iliyoanza kazi 1958, ilikuwa na madirisha ya mviringo na bati nene zaidi. East African Airways ilianza kuitumia 1960.

Dirisha la leo huwa na tabaka tatu. La nje hubeba mzigo wote. La kati ni akiba, na chini yake kuna kitundu kidogo ambacho huwatia hofu baadhi ya abiria. Kitundu hicho husawazisha hewa ya pande mbili za tabaka la kati, ili mzigo ubaki kwa la nje, na pia hupunguza ukungu. Ndiyo maana barafu nyembamba huonekana imejikusanya kukizunguka. Tabaka la ndani, unaloegemezea kichwa, ni kinga ya mikwaruzo tu.

Vioo vya marubani ni vizito zaidi, hupashwa moto kwa umeme na lazima vihimili kugongwa na ndege wa kilo 1.8. Tarehe 10 Juni 1990 kioo kimoja cha ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kuelekea Málaga kiling'oka, na rubani Tim Lancaster akavutwa nje hadi kiunoni. Wahudumu walimshikilia hadi msaidizi wake alipotua Southampton, na Lancaster akapona. Kioo hicho kilifungwa kutokea nje, na bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa.

Agizo la kufungua vifuniko vya madirisha wakati wa kuruka na kutua lina sababu: macho yazoee mwanga wa nje, wahudumu waone kama kuna moto upande wanaotaka kufungua mlango, na waokoaji waone ndani.

Abiria aliyelipia kiti cha dirishani akakuta ukuta asimlaumu mhandisi. Katika Boeing 737 mbavu za bodi zimeachana sentimita 51 hivi, na madirisha hufuata mbavu; viti hupangwa na shirika, mara nyingi sentimita 71 hadi 79 kati ya safu na safu. Penginepo hakuna dirisha kwa sababu bomba la kiyoyozi limepita ndani ya ukuta.